BANDO LA BUKU: DAR LINATELEZA, KOLO LINAKWAMA

Wiki hii weka pembeni habari za nani kavaa nini na nani kaachwa na nani. Wiki hii tunasafiri. Nakutoa ufukweni Coco, nakupandisha treni ya umeme mpaka Dodoma, halafu nakutia kwenye basi mpaka Kolo, kule Kondoa, penye michoro ya mawe ya watu wa kale.

Mzigo wangu ulikuwa mwepesi: begi la mgongoni, chupa ya maji na simu. Kila siku najiunga bando la buku moja, la saa 24, la mtandao ambao jina lake naliweka kapuni. Nilitaka kujua kitu kimoja tu. Hii buku tunayolipa sawasawa nchi nzima, je, inanunua kitu kilekile nchi nzima?

Jibu la haraka: wapi! Jibu refu ndilo hili hapa, tulia ule uhondo.

MALI IPO BAHARINI

Anzia Coco Beach, Oysterbay, Jumapili jioni. Mihogo inachemka kwenye mafuta, kachumbari inakatwa, ndimu na pilipili zinakamuliwa kwa fujo. Masista duu na wachizi wao wanajipiga picha na mawimbi. Kwenye simu yangu, kule juu pembeni, pameandikwa 4G. Natuma picha, inapanda kabla sijameza kipande cha muhogo. Mambo poa kabisa.

Sasa tazama baharini. Intaneti yako haitoki mawinguni kama wengi wanavyodhani. Inakuja kwa waya, chini ya maji, mkongo wenye nyuzi za kioo nyembamba kama unywele, kutoka ng'ambo mpaka hapa pwani ya Dar.

Zamani ndiyo ilitoka mawinguni kweli. Kabla ya mwaka 2009 mawasiliano yetu na dunia yalitegemea setilaiti. Data inapanda juu kilomita 36,000, inashuka kilomita 36,000, halafu jibu nalo lifunge safari hiyohiyo. Wakongwe wa intaneti kafe za Posta na Kariakoo wanakumbuka. Unalipia muda, unafungua barua pepe, unatoka kununua juisi ya miwa, unarudi unakuta ukurasa umefika nusu na muda wako umefika mwisho.

Julai 2009 mkongo wa SEACOM ukawashwa. Mwaka 2010 ukaja EASSy. Mwaka 2023 ukafikishwa Dar mwingine mnene zaidi, 2Africa. Nchi kavu nako serikali ikatandaza Mkongo wa Taifa, ambao TTCL ndiye msimamizi wake, kuunganisha mikoa na kuvuka mpaka kwa majirani zetu wasio na bahari.

Kwa hiyo mlangoni kwa bahari mali imejaa. Siyo kwamba haiharibiki. Jumapili ya Mei 12, 2024, SEACOM na EASSy zote mbili zilikatika baharini upande wa Afrika Kusini, na nchi yetu ikawa miongoni mwa zilizoumia zaidi. Siku zile Dar nzima ilionja joto ya jiwe. Ujumbe unazunguka, dereva wa teksi ya mtandaoni anakupigia kuuliza uko wapi kwa sababu ramani imeganda, na washikaji wanaofanya kazi za kimtandao wanashinda wamejishika tama. Baadaye mambo yakarudi, watu wakasahau.

Ila mimi sikusahau, kwa sababu ndugu zangu wa kijijini nilipowasimulia shida ile walicheka. Shangazi akaniambia, "Mwanangu, hayo mliyoyapata nyinyi kwa siku chache, sisi ndiyo kila siku."

BUKU YAKO INAGAWANYWA HIVI

Kabla hatujapanda treni, tuifungue hiyo buku tuone ndani kuna nini.

Kwanza kuna Mzee Kodi. Huduma za simu zinatozwa ushuru wa bidhaa unaocheza kwenye asilimia 17, na juu yake inakaa VAT ya asilimia 18, inayopigwa mpaka kwenye ule ushuru. Piga hesabu taratibu. Kwenye kila buku, zaidi ya robo inaondoka hata hujafungua WhatsApp. Kinachobaki kununua intaneti yenyewe ni kama shilingi 720 na chenji. Ndicho kinacholipa mkongo wa baharini, waya wa nchi kavu, mnara, umeme au dizeli ya jenereta pale mnarani, mshahara wa yule dada wa huduma kwa wateja, na faida ya wenye kampuni.

Pili kuna bei yenyewe. Aprili 2, 2021 nchi ilisimama wima. Watu waliamka asubuhi wakakuta vifurushi vimebadilika na pesa ileile inanunua kiduchu. Kelele zilizopigwa siku ile, mpaka wasiojua siasa walikuwa wachambuzi! Serikali ikaagiza bei zile zisimame na zirudi za zamani. Miaka ile ndiyo tulizoea kusikia bei elekezi ya TCRA, kwamba MB moja icheze kati ya Sh 2.03 na Sh 9.35.

Kwa hiyo, msomaji, kwa bei ya chini kabisa ya elekezi hiyo buku inakupa MB 490 hivi. Kwa bei ya juu inakupa MB 107. Zishike kichwani hizo MB 490. Tutazihitaji tukifika Kolo.

TRENI INAPAA, HERUFI ZINASHUKA

Treni ya mwendokasi ya Dar hadi Dodoma ilianza kubeba abiria mwaka 2024, na mpaka leo kuna watu wanapanda ili wapige picha tu. Daraja la kawaida ilizinduliwa kwa nauli ya Sh 31,000. Kiti safi, kiyoyozi kinapuliza, na kasi inafika kilomita 160 kwa saa.

Mimi nilikaa dirishani, jicho moja kwenye mandhari, jingine kwenye ile herufi ndogo juu ya simu. Hebu ijaribu safari yako ijayo. Ile herufi inasema ukweli kuliko matangazo ya redioni.

Pugu: 4G. Soga: 4G, lakini inakonyeza. Kuelekea Ruvu ikageuka H, maana yake tumeshuka kwenye 3G. Ngerengere ikapanda ikashuka, ikapanda ikashuka. Sehemu ya tatizo ni mwendo wenyewe. Kwa kasi ile simu inarushwa kutoka mnara huu kwenda ule kama pasi za Kariakoo, na mnara mmoja ukiwa mbali na mwenzake mpira unatoka nje.

Morogoro, Uluguru imevaa ukungu, 4G ikarudi imenyooka. Jamaa wa kiti cha mbele, kijana wa suti, akawahi kufungua kikao chake cha video. "Mnanisikia? Mnaniona?" Wakamsikia, wakamwona, wakamsifia shati. Kilosa tukaipita. Halafu treni ikaingia kwenye mahandaki ya milimani.

Giza. Jamaa akaganda mdomo wazi kwenye skrini ya wenzake, na wenzake wakaganda kwenye yake. Tulipotoka upande wa pili, simu yangu ilikuwa imeandika E.

Sasa E ni nini? Ni teknolojia ya EDGE, mtoto wa 2G, ya enzi za simu za tochi. Kwenye E ujumbe mfupi wa WhatsApp unapita kwa kubembelezwa. Picha inakwama. Video sahau. Kidete, Gulwe, Igandu, mibuyu ya Ugogo imesimama kwenye vumbi jekundu kama walinzi, na E yangu imesimama nayo. Jamaa wa suti alifunga kompyuta, akaegemea kiti, akalala. Kikao kikaendelea bila yeye.

DODOMA NA WATOTO WA USIKU

Dodoma niliteremka na kuweka kambi usiku mmoja. 4G ya kumwaga, zabibu za kumwaga. Jioni nikakaa na vijana wa chuo kwenye kibanda cha chipsi, nikawauliza wanaishije na bando.

"Kaka, sisi ni popo," mmoja akanijibu. Akanifafanulia kwamba kuna bando la usiku, linaanza saa sita za usiku mpaka alfajiri, bei chee. Wanaweka alamu, wanaamka, wanapakua vitabu, mihadhara, muvi na miziki, halafu wanalala. Asubuhi darasani nusu ya watu wanasinzia.

Usicheke. Yule popo ameielewa intaneti kuliko wengi wetu. Mnara ni kama daladala, nafasi zake zinahesabika. Saa mbili usiku mtaa mzima umo ndani, kila mtu na video yake, mnabanana mpaka hakuna anayepumua. Saa tisa usiku daladala ni tupu. Kampuni inaona heri iuze siti hizo rahisi kuliko zipite bila mtu. Popo anabadilisha usingizi wake kwa MB, na anajua hesabu yake.

Ila mpango wa popo unahitaji kitu kimoja: mnara wenye nguvu karibu na kitanda chako. Twende Kolo tukaone asiye nao anafanyaje.

KARIBU KOLO

Kutoka Dodoma kwenda Babati ni kilomita 251 za lami, barabara iliyokamilika na kuzinduliwa mwaka 2018. Zamani, wakati wa mvua, safari hii ilikuwa ya kuaga kabisa nyumbani. Siku hizi basi linateleza, upande huu alizeti, upande ule mtama na ng'ombe. Unapita Kondoa mjini, mji wa zamani wenye misikiti na biashara, halafu mbele kidogo unashukia Kolo.

Kolo ni pazuri, nakwambia. Hewa ya mlimani, mawe makubwa yamebebana, watu wakarimu. Shangazi yangu anaishi ndani kidogo, pikipiki inakupeleka. Nikapokelewa kwa ugali moto, mlenda na kuku wa kienyeji, nikaulizwa habari za Dar mpaka za jirani ambaye simjui.

Pale barabarani mtandao ulikuwepo wa kuridhisha. Kadiri pikipiki ilivyoingia ndani, herufi zikashuka: H, kisha E, kisha mstari mmoja wa E. Nyumbani kwa shangazi kuna msumari ukutani karibu na dirisha, umefungwa mfuko wa kitambaa. Simu inawekwa humo, maana ndipo mtandao unapopatikana. Ukitaka kupiga, unaongea umesimama pale, umeegemea ukuta, na siri zako zote nyumba nzima inazisikia. Juu kilimani kuna mti mmoja, na jioni vijana wanakusanyika chini yake. Mzee mgeni angedhani ni kijiwe cha uvivu. Kumbe wanatafuta 3G.

Binti wa shangazi yangu, nimwite Dogo, amemaliza kidato cha sita na matokeo yake yanang'aa. Nilimkuta ana siku mbili kabla ya kufungwa kwa maombi ya mkopo wa elimu ya juu. Maombi hayo yanafanyika mtandaoni. Unajaza, unachapa fomu, unazungusha kupata sahihi na mihuri, unaiskani, unaipandisha tena. Kwa mtoto wa familia yenye ekari chache za alizeti huo mkopo ndio mlango wenyewe. Mlango ukifungwa, mwaka mzima unakwenda na maji, au chuo chenyewe kinakwenda.

Dogo alikuwa na bando la buku, la saa 24. Alianza saa kumi jioni chini ya mti. Ukurasa ukafunguka nusu, ukakatika. Akaurudia. Ukafunguka, akajaza, akabonyeza kuhifadhi, ukazunguka, ukazunguka, ukamtoa nje. Kila kurudia ni MB zinakwenda. Usiku tukapanda na tochi, tukaganda pale mpaka saa tano, mbu wanatushangilia. Mafaili mawili yalipanda. La tatu likagoma.

Kesho yake saa kumi jioni ujumbe ukaingia, na huo uliingia haraka ajabu: muda wa kifurushi chako umekwisha. Dogo alikuwa amebakiwa na zaidi ya nusu ya MB zake. Hakuzitumia, na zimekwenda.

HESABU YA KOLO

Hapo ndipo nilipochukua kalamu. Kumbuka MB 490 zetu.

Ukiwa Posta kwenye 4G ya megabiti 20 kwa sekunde, kasi ambayo mtandao mzuri unaifikia bila jasho, MB 490 unaweza kuzimaliza kwa dakika tatu na sekunde kadhaa. Ukiwa kwenye E dhaifu, tuseme kilobiti 40 kwa sekunde, na isikatike hata mara moja, unahitaji saa 27.

Soma tena taratibu, mshikaji. Saa ishirini na saba. Bando lenyewe ni la saa 24. Yaani hata Dogo asingelala, asingekula, akakaa chini ya mti na simu mkononi mchana na usiku, bando alilouziwa haliwezi kwisha kabla ya muda wake kwisha. Ni kama kumuuzia mtu ndoo kumi za maji, ukamwekea bomba linalodondosha matone, halafu ukamwambia kesho saa hizi nafunga. Ndoo alizolipia zitabaki kwako, na hela yake itabaki kwako.

Na hapo bado hatujajumlisha gharama nyingine. Asubuhi iliyofuata, siku ya mwisho, tulipanda pikipiki mpaka barabarani, tukadandia gari mpaka Kondoa mjini, tukaingia kwenye steshenari. Unazijua hizi: kibanda chenye kompyuta mbili, printa inayokohoa, bango la "Tunajaza maombi ya chuo, mkopo, ajira", na benchi la watoto wa vijijini wameshika bahasha za kaki. Wengine walitoka mbali kuliko sisi. Mama mmoja alikuja na mwanawe na kuku wawili. Kuku walikuwa nauli ya kurudi.

Kijana wa steshenari alikuwa na mtandao wa uhakika. Akakamata lile faili la tatu, akabonyeza, likapanda wakati anaendelea kusimulia habari za mechi. Dogo akasoma kwenye skrini kwamba ombi limepokelewa. Hakusema kitu. Aliomba tu asome tena.

Gharama zake: bando mbili, buku mbili. Nauli za kwenda na kurudi, pikipiki na gari, elfu nane. Kujaziwa, kuskani na kuchapa, elfu tano. Jumla elfu kumi na tano, na siku nzima ya kazi shambani. Mwenzake wa Sinza mwenye matokeo kama yake anafanya kazi ileile kitandani kwa bando moja la buku, na chenji ya MB inabaki ya kuangalia vichekesho.

Kwenye menyu ya simu bei ni moja. Kwenye maisha Dogo amelipa mara kumi na tano. Watu wakibishana kuhusu bei ya intaneti wanaangalia ile namba ya kwenye menyu peke yake. Mtandao mbovu nao ni bei, ila haiandikwi popote, na anayeilipa ni yule mwenye kidogo.

MAWE YASIYOHITAJI BANDO

Siwezi kwenda Kolo nisikupeleke mawe yake. Kazi ya Dogo ilipokwisha tulipanda na kiongozi wa wageni. Kwenye miamba kuna watu wembamba warefu, wanyama, alama za duara, zimechorwa kwa rangi nyekundu na nyeupe na watu walioishi hapa enzi za mababu wa mababu. UNESCO iliiingiza michoro hii ya Kondoa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006.

Dogo alisimama mbele ya twiga mmoja akasema, "Kaka, hii imepanda bila kukwama." Tulicheka mpaka kiongozi akatuangalia vibaya. Nenda, msomaji. Ila ukitaka kuwarushia washikaji picha, subiri ufike barabarani.

MINARA INAKUJA, LAKINI...

Nisije nikaonekana nalalamika tu. Kazi inafanyika. Wavietnam wa Halotel walipoingia mwaka 2015 walisukuma mtandao mpaka vijiji ambavyo wengine waliviona havina biashara, na wengine ikabidi wafuate. Mei 2023 serikali kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote ilisaini na kampuni za simu mikataba ya kujenga minara 758 kwenye kata 713. Ruzuku inatolewa kwa sababu mnara wa kijijini unakula fedha kama wa mjini, na wateja wake ni wachache wenye mifuko mepesi. Bila kusukumwa, mfanyabiashara atajenga wa nne Masaki kabla ya wa kwanza kijijini.

Lakini mnara kusimama ni kitu kimoja, na mnara kuwa na njia pana nyuma yake ni kingine. Mwingi wa kijijini haujaungwa na faiba. Unapokezana mawimbi na mnara mwenzake, na mwenzake na mwingine, mpaka kuufikia mkongo. Njia ikiwa nyembamba, hata simu ikiandika 4G bado unaweza kuzunguka pale pale.

Kwa hiyo maombi yangu kwa wakubwa ni mawili. Moja, kampuni itangaze kasi halisi ya kila eneo, siyo ramani iliyopakwa rangi nchi nzima. Mbili, bando la saa 24 lisiuzwe mahali ambapo mtandao wenyewe hauwezi kulimaliza kwa saa 24. Muda uongezwe, au MB zisife. Hilo halihitaji mkongo mpya baharini. Linahitaji kompyuta ya kampuni ibadilishwe mistari michache.

MBINU ZA MJINI NA KIJIJINI

Wakati tunasubiri, jikinge, mshikaji.

Kama uko kwenye E, achana na bando la siku. Chukua la wiki au la mwezi hata kama MB zinaonekana chache. Kwako muda ndio mali.

Usiache bando life mkononi. Kanuni za TCRA za mwaka 2021 ziliitaka kampuni ikuruhusu kuendelea na MB zilizobaki ukinunua tena kifurushi kilekile kabla muda wake haujaisha. Pia ikutaarifu unapofika asilimia 75 ya matumizi na unapomaliza. Wengi hatulijui hilo, na asiyejua hadai.

Zima programu zinazojisasisha zenyewe na video zinazojicheza. Hao ndio panya wa bando.

Kama una laini mbili, ulizia kwanza wenyeji mtandao gani unashika wapi. Bodaboda anajua kuliko kituo cha huduma kwa wateja.

Na maombi ya chuo, mkopo au ajira, anza siku ya kwanza yanapofunguliwa. Siku ya mwisho mtandao unalemewa hata mjini, sembuse chini ya mti.

Ukidhulumiwa, lalamika kwanza kwa kampuni na uombe namba ya lalamiko. Wasipokusikia, peleka TCRA. Unaona uvivu kwa sababu ya buku? Hesabu ni wangapi wanaona uvivu huohuo kila siku, kila mmoja na buku yake, ndipo utajua zile MB zinazokufa zinamnenepesha nani.

Haya, kalamu naiweka chini. Wiki ijayo tunashuka Tanga kula mishikaki na kusikiliza taarabu, panapo majaliwa. Aliye kwenye 4G na amsomee aliye kwenye E.